Kutoka Tabora hadi Gombe: jinsi ya kupanga likizo ya miji, makumbusho na msitu

Safari ya Tabora na Kigoma hupangwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Anayeanza na tiketi ya kwenda, akafuatia na gesti, akamalizia na sokwe wa Hifadhi ya Gombe, mara nyingi hujikuta yuko Kigoma siku ya Jumapili, boti hakuna, na likizo imebakiza siku mbili. Makumbusho ya Kwihara, nje kidogo ya Tabora, hayaendi popote, wala miembe ya Ujiji, jirani na Kigoma. Lakini treni ina siku zake, boti ina saa zake, na sokwe wana miguu. Funga kwanza tarehe za vile visivyokusubiri, kisha miji na makumbusho uvipange katika nafasi zinazobaki.

Njia yenyewe ni moja tangu zamani. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka pwani, ikapumzika Tabora, ambayo wafanyabiashara waliiita Kazeh, ikaishia Ujiji ziwani. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati walielekea huko huko: kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ukisafiri kutoka mashariki kwenda magharibi unapita katika mpangilio wa historia yenyewe, na unayoyasikia Tabora yanakusaidia kuielewa Ujiji. Ndiyo maana tunashauri uanzie Tabora umalizie ziwani, hata kama ndege ya Kigoma inaonekana rahisi zaidi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mvua za magharibi hunyesha takribani kuanzia Novemba hadi Aprili. Kiangazi ni Mei hadi Oktoba. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, Julai hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuchagua: njia za Gombe zimekauka, majani ya vichakani yamepungua, na sokwe wanaonekana vizuri hata wakiwa mbali kidogo.

Miezi hiyo nayo ina kasoro zake. Kuanzia Julai misitu ya miombo huchomwa moto sehemu nyingi za Tabora, na moshi hutanda kiasi kwamba vilima vya mbali havionekani. Mwenye pumu aliweke hilo akilini. Ziwani nako, miezi ya Juni hadi Agosti huwa na upepo wa kusini unaoinua mawimbi. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba moshi unaanza kupungua, na miombo huchipua majani mapya yenye rangi nyekundu na ya shaba kabla hata tone la mvua halijaanguka. Huo ndio wakati wa kukaa dirishani kwenye treni.

Kuna sababu moja nzuri ya kwenda mvua zinapoanza, Novemba. Ndipo sokwe wa Gombe huvua mchwa kwa vijiti na majani kwenye vichuguu, tabia ambayo mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliiona mwaka 1960 na kuwalazimisha wanasayansi kufikiri upya kuhusu tofauti ya binadamu na wanyama. Utateleza kwenye matope, lakini ukibahatika kukiona kitendo hicho hutajuta.

Angalia pia mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika. Ukitaka kulala Kigoma ukiwa unatazama taa mamia ziwani, na asubuhi ukute dagaa wabichi sokoni, panga siku zako za Kigoma ziangukie giza. Jambo la kuzingatia: nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, na Tanzania ilianza kutekeleza mwaka 2024. Ukienda katika kipindi cha kufungwa, taa hutaziona na bei ya samaki itakuwa juu.

Hatua ya 2: Hesabu siku kuanzia boti

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma taratibu.

Hifadhi ya Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa Kigoma na haina barabara ya kufikia. Unakwenda kwa maji tu. Boti za abiria huondoka mwalo wa Kibirizi, kilomita chache kaskazini mwa katikati ya mji, na kazi yake si kubeba watalii. Zinahudumia vijiji vya pwani ya kaskazini: asubuhi zinaleta watu na bidhaa Kigoma, mchana kati ya saa 6 na saa 8 zinawarudisha. Jumapili kwa kawaida hazitembei. Safari ya kufika Kasekela, makao ya hifadhi, huchukua saa tatu hadi nne kwa sababu ya kusimama kila kijiji.

Maana yake ni kwamba ukienda kwa boti ya abiria utafika Kasekela alasiri, muda wa kufuata sokwe umekwisha. Utalala, utafuata sokwe siku ya pili, utalala tena, na siku ya tatu asubuhi mapema utaidaka boti inayoshuka kwenda Kigoma. Usiku mbili. Kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, hivyo utalipia vipindi viwili.

Boti ya kukodi hufika kwa saa moja na nusu hadi mbili. Ukiondoka saa 12 asubuhi unaweza kuwa msituni saa 3 na kurudi siku hiyo hiyo. Inavutia, lakini hatuipendekezi: sokwe wakiwa mbali siku hiyo huna nafasi ya pili, na kurudi alasiri ndiyo saa upepo unapoinuka. Njia bora kwa wenye boti ya kukodi ni kuingia saa 3 asubuhi, kufuata sokwe siku ile ile, kulala usiku mmoja, na kutoka kesho yake kabla saa 24 hazijatimia. Unalipa kiingilio cha mara moja na unarudi asubuhi ziwa likiwa limetulia.

Kwa hesabu hiyo, likizo kamili ya boti ya abiria inahitaji siku tisa: moja ya kufika Tabora, moja na nusu ya kuuona mji na Kwihara, usiku mmoja wa treni, siku mbili za Kigoma na Ujiji, tatu za Gombe, na moja ya akiba kabla ya ndege au treni ya kurudi. Siku ya akiba usiiguse. Treni ya kwenda ikichelewa saa kumi, au ziwa likichafuka boti zisiondoke, hiyo ndiyo itakayokuokoa. Ikibaki bila kutumika, itumie ufukweni. Mwenye siku sita tu aanzie Kigoma moja kwa moja na Tabora aiache kwa safari nyingine. Kuibana Tabora katika nusu siku ni kupoteza nauli.

Hatua ya 3: Vitambulisho na malipo

Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti halisi, si picha kwenye simu. Kigoma iko mpakani na maofisa wa uhamiaji hukagua abiria barabarani na stesheni mara kwa mara. Sababu ya pili ni ya mfuko: viwango vya hifadhi ni tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki, kwa wageni wakazi na kwa wageni wa nje, na tofauti hiyo ni kubwa mno. Usipoweza kuthibitisha uraia wako, unaweza kutozwa kiwango cha mgeni.

Malipo ya Hifadhi za Taifa hayafanywi kwa fedha taslimu getini. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki, kwa simu au kwa kadi. Fanya hivyo ukiwa Kigoma mjini mtandao ukiwa mzuri, na chapisha risiti. Uliza mambo manne kwa pamoja ili usirudishwe: kiingilio, ada ya mwongozaji, malazi, na ada ya boti kama umekodi. Hesabu ya mwongozaji ni kwa kundi, hivyo mkiwa wanne au watano mnagawana. Kundi moja la kufuata sokwe halizidi watu sita.

Umri ni jambo la kulitazama mapema sana. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kufuata sokwe Gombe. Familia yenye watoto wadogo isiwaahidi sokwe. Kwao treni, Ujiji na ufukwe wa Kigoma vinatosha kuwa likizo nzuri, na watu wazima wanaweza kwenda Gombe kwa zamu mmoja akibaki na watoto mjini.

Hatua ya 4: Tabora, siku moja na nusu

Tabora ni mji wa kutembea asubuhi na jioni. Mchana jua ni kali, ila miembe iliyopandwa kando ya barabara inasaidia. Anza na stesheni, ambayo ni ya enzi za Wajerumani na bado inafanya kazi, kisha soko kuu. Nunua asali hapa, si njiani. Asali ya miombo huwa nyeusi au ya kahawia iliyokolea kutegemea maua. Uliza kama ni ya nyuki wakubwa au wadogo, kwa sababu ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu na bei yake ni ya juu. Muuzaji akikuonjesha, zungusha chupa: yenye povu jingi juu huwa haijachujwa vizuri au imeanza kuchachuka. Asali iliyoganda chini haina ubaya wowote.

Usipige picha majengo yanayotumiwa na jeshi, stesheni, madaraja wala bandari bila kuomba ruhusa, hata kama ni ya kihistoria na yanapendeza.

Kwihara iko kilomita chache kusini magharibi mwa mji. Nenda asubuhi kwa bajaji au teksi, na mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Ukiiacha ikaondoka, kupata usafiri wa kurudi ni kazi. Fika kabla ya saa 5. Mlinzi wa jengo akiwa hayupo, waulize wenyeji wa nyumba za jirani kwa adabu na salamu kwanza. Kwa kawaida wanajua pa kumpata. Beba noti ndogo kwa ajili ya kiingilio, kwani chenji huwa haipatikani.

Nyumba ni tembe, aina ya ujenzi wa udongo wenye paa la bapa ambao ndio uliokuwa ukijengwa nchi hii, yenye ua katikati. Iliyopo sasa ilijengwa upya kwa kufuata umbo la ile ya zamani. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikaa humo mwaka 1871 akielekea ziwani kumtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Wawili hao walirudi pamoja mwaka 1872, Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, Livingstone akasubiri wapagazi hadi Agosti.

Lakini sehemu ya kusimama na kufikiri ni nyingine. Livingstone alifariki Mei 1873, mbali kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake na kuubeba kwa mabega hadi Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, na Oktoba mwaka huo walipita hapa Unyanyembe, nchi yenye Tabora na Kwihara. Mwombe anayekutembeza akueleze habari za watu hao, na za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya misafara kichwani. Habari za Wazungu wawili zimeandikwa kila mahali. Muulize pia kuhusu Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi ambaye vita vyake na Waarabu wa Tabora vilifunga njia ya Ujiji na kumlazimisha Stanley azunguke kusini, na kuhusu Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 ili Wajerumani wasimkamate akiwa hai. Maswali haya hubadilisha ziara ya dakika kumi na tano ikawa ya saa mbili.

Alasiri itumie mjini kwa historia ya karibu zaidi. Mwalimu Nyerere alisoma Shule ya Sekondari ya Tabora, akafundisha St. Mary's mjini hapa hapa, na Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora ulikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, uamuzi ulioitwa wa Busara. Shule si makumbusho. Ukitaka kuingia, pitia ofisini uombe, na usiende saa za vipindi.

Hatua ya 5: Treni usiku, Tabora hadi Kigoma

Ni kilomita zipatazo 400. Treni ya abiria haiendi kila siku, na siku zake hubadilika, hivyo hakikisha ratiba stesheni kabla ya kupanga chochote kingine. Tenga saa kumi na mbili kwa safari yenyewe, na uwe tayari kwa zaidi.

Nunua daraja la pili kulala au la kwanza. Vyumba vya kulala hutenganisha wanaume na wanawake isipokuwa mmenunua chumba kizima, kwa hiyo wanandoa na familia wanunue vitanda vyote vya chumba kimoja mapema. Kukaa daraja la tatu usiku kucha kisha kupanda milima ya Gombe ni kujitesa.

Makosa mawili ya kawaida. Kwanza, Tabora ni njia panda: reli moja inakwenda Mwanza, nyingine Kigoma, na hiyo ya Kigoma hutoa tawi la Mpanda pale Kaliua. Mabehewa hukatwa na kuunganishwa upya stesheni. Mwulize kondakta behewa lako linaishia wapi hata kama namba ya tiketi inalingana, na usishuke kunywa chai wakati mabehewa yanapangwa. Pili, hakikisha saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mfumo wa saa 24 na si saa za Kiswahili. Saa 21:00 ni saa 3 usiku, na watu wameachwa kwa hilo.

Funga dirisha treni inaposimama usiku, maana mizigo iliyo karibu na dirisha huvutwa kutoka nje. Kuna vituo vyenye vyakula, lakini beba maji lita tatu kwa mtu, mkate au viazi, karanga, shuka na tochi. Baridi ya usiku wa Juni na Julai kwenye nyanda hizi si ya kudharauliwa.

Kukipambazuka utakuwa kwenye bonde la Malagarasi, eneo la mabwawa na mafunjo lililotangazwa mwaka 2000 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingia katika Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Kaa dirishani utazame ndege. Uvinza ndipo penye chemchemi za chumvi, ambako watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja na misafara ikapita kuinunua. Kama unapenda mambo ya kale, shuka hapa kwa siku moja usafiri kesho yake kwa basi hadi Kigoma. Kama huyapendi, endelea.

Hatua ya 6: Kigoma na Ujiji

Siku ya kufika, pumzika. Fanya mambo matatu tu: lipia hifadhi, nunua chakula cha Gombe, na shuka Kibirizi kuuliza boti ya siku unayotaka. Stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli, ni jengo la Wajerumani linaloonekana kutoka barabara kuu inayoshuka ziwani.

Ujiji iko kilomita 8 hivi kusini, na daladala zinakwenda siku nzima. Kituo cha Kumbukumbu ya Livingstone kipo mahali alipokutana na Stanley Novemba 1871. Mwembe wa wakati huo ulikufa. Iliyopo inasemekana imetokana nao. Unaona pia jiwe la kumbukumbu ya wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke, waliofika hapa Februari 1858 baada ya kupumzika Kazeh. Ndani ya jengo maelezo si mengi, na ndiyo maana Kwihara itangulie: aliyesikia habari kule anajua hapa aulize nini. Uliza ufukwe wa zamani ulikuwa wapi. Maji ya ziwa yamepanda na kushuka sana tangu wakati ule, na bandari ya misafara haiko pale unapodhani.

Ukitoka kituoni usirudi haraka. Ujiji ni mji mkongwe wa Waswahili, wenye misikiti na nyumba za mtindo wa pwani, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka bahari. Tembea mitaa yake jioni ukiwa umevaa kwa staha. Kula migebuka, samaki wa ziwa hili, kwa ugali wa muhogo, au dagaa waliopikwa kwa mawese.

Ufukwe wa kuogelea ni Jakobsen, kusini magharibi mwa mji karibu na Katonga, ambako kuna kiingilio. Maji ya Tanganyika ni maangavu. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na samaki wadogo wa rangi wanaozunguka mawe wengi wao hawapatikani kwingine. Vaa miwani ya kuogelea. Usiogelee karibu na vijiji, mito inapoingia ziwani au penye majani majini, kwa sababu ya kichocho na mamba, na usiingize mkono kwenye nyufa za mawe, kwani kuna swila wa majini. Ukimwacha, naye anakuacha.

Bandarini utasikia habari za MV Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924 na kuanza kazi kwa jina lake la sasa 1927. Ni meli ya kuiheshimu, lakini imekuwa nje ya kazi kwa miaka. Usipange safari yako juu yake mpaka uone tiketi inauzwa.

Hatua ya 7: Boti

Kwenye boti ya abiria, fika Kibirizi saa 4 asubuhi ujue ipi inaondoka kwanza na umwambie nahodha waziwazi kwamba unashuka Kasekela, si kijijini. Angalia jaketi okozi kabla ya kulipa. Kama hazitoshi, au maji yako karibu na ukingo wa boti kwa uzito wa mizigo, subiri nyingine. Funga nguo na simu kwenye mfuko wa nailoni mgumu, kofia uifunge kamba. Hakuna paa kwenye boti nyingi, na jua la ziwani huunguza hata kukiwa na mawingu.

Kwa boti ya kukodi, kabla ya kutoa malipo ya kwanza maliza maswali haya: petroli ya kwenda na kurudi iko ndani ya bei? Nani analipia kulala kwa nahodha na ada zake hifadhini? Kuna injini ya akiba? Ukichelewa msituni, bei inapanda? Mengi ya magomvi ya Kibirizi yanatokana na swali la petroli. Lipa nusu kwanza, nusu mkirudi. Bei ikigawanywa kwa watu sita huwa si mbali sana na gharama ya kulipia kipindi cha pili cha kiingilio, hasa kwa wageni wa nje, hivyo piga hesabu kabla ya kuamua kuwa boti ya abiria ndiyo nafuu.

Hatua ya 8: Siku ya sokwe

Mwenye mafua, kikohozi au homa haruhusiwi kwenda, na hilo si suala la kubembeleza. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na wamewahi kufa kwa magonjwa hayo. Ukiumwa ukiwa Kigoma, ahirisha; ndiyo kazi nyingine ya siku ya akiba. Msituni utavaa barakoa, utakaa umbali wa mita 10, na muda wako na sokwe ni saa moja. Wakikusogelea wao, rudi nyuma polepole.

Mnaondoka asubuhi. Wafuatiliaji hutangulia na kuwasiliana na mwongozaji wako kwa redio. Kutembea kunaweza kuwa saa moja au tano. Gombe ni ndogo lakini imesimama: kutoka ufukweni, mita 770 hivi juu ya bahari, vilele vinafika kama mita 1,500. Kiangazi changarawe huteleza kuliko matope, hivyo viatu viwe na meno. Suruali ndefu, miguu yake uichomeke ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Maji lita mbili. Usile msituni, na kifurushi cha chakula kisionekane.

Nyani ndio tatizo la kweli la Kasekela. Wanafungua milango isiyo na komeo, wanajua sura ya mfuko wa nailoni, na mwenye ndizi mkononi hulazimika kuiachia. Funga mlango kila unapotoka, hata kwa dakika moja, na kula ndani.

Chakula cha Gombe unabeba mwenyewe: mchele, unga, maharage yaliyochemshwa tayari, mayai, vitunguu, mafuta, sukari, majani ya chai. Kwa watu wawili, usiku mbili, kilo mbili za mchele na moja ya unga zinatosha. Rudi na taka zako zote. Simu inaweza kudaka mtandao wa nchi jirani, kwa hiyo zima huduma ya mtandao wa nje usije ukakuta salio limeisha.

Mkimaliza sokwe mapema, mwombe mwongozaji awapitishe maporomoko ya Kakombe. Ni karibu na makao ya hifadhi na njia yake ni ya kivuli.

Je, Mahale au Ugalla badala yake?

Mahale ni kubwa zaidi, kilomita za mraba 1,613, ina mlima Nkungwe wenye mita 2,462, na utafiti wa Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto umeendelea huko tangu 1965. Uzuri wake unazidi wa Gombe. Lakini iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kigoma, haina barabara ndani, na boti ya kukodi inatumia petroli nyingi. Ongeza siku nne angalau na bajeti mara kadhaa. Ni ya safari ya pili.

Ugalla, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, inafaa wanaotoka Tabora na gari imara wakati wa kiangazi, wanaotaka viboko, mamba na ndege kuliko sokwe. Mbung'o ni wengi: epuka nguo za buluu na nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta.

Kurudi

Dagaa wakavu na asali huharibu mizigo ya wengi. Dagaa watiwe kwenye mfuko wa nailoni, kisha gunia, kisha mfuko mwingine, vinginevyo nguo zitanuka wiki nzima na shirika la ndege linaweza kukataa mzigo. Asali iwe kwenye ndoo au dumu lenye mfuniko wa kukaza, mdomo ufungwe kwa nailoni na utepe wa gundi, isimame wima, na iende na mizigo ya chini, kwani ndani ya ndege haitapita ukaguzi. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya dumu. Likijazwa pomoni, joto la njiani huitanua asali na mfuniko huanza kuvuja.